Mita Moja kwa Vyumba Vinne

Huenda baadhi ya wanachama wakastaajabu kuona kwamba nafasi hii, ambayo aghalabu huwa ya habari za mavuno na bei ya karafuu, mwezi huu tumeitoa kwa habari za umeme, tena umeme wa Lushoto, huko bara katika milima ya Usambara. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa wanachama si haba walio na watoto wao, dada zao au wakwe zao katika nchi ya Tanga, na simu zitokazo kule hazikosi neno moja: umeme unatumaliza. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba umeme wao na umeme wetu ni kitu kimoja.

Kabla ya mwaka 2010 Pemba ilikuwa ikiwashwa kwa majenereta ya mafuta yaliyokuwa Wesha, na kila mtu mzima anakumbuka viza la siku zile. Mwaka huo ndipo ulipofika waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga, urefu wake kiasi cha kilomita 78, kwa msaada wa serikali ya Norway. Tangu hapo sisi tumo katika gridi ya taifa, na katika gridi hiyo mto Pangani una fungu lake. Mtambo wa Hale ulianza mwaka 1964, nguvu yake megawati 21. Ule wa New Pangani ulianza mwaka 1995, megawati 68. Asili ya mto huo ni Kilimanjaro na Meru, lakini upitapo chini ya Usambara hupokea maji ya Mkomazi na ya Lwengera, ambayo mengi yake yametiririka kutoka milima ile. Gridi ni kapu moja, na hapana awezaye kusema taa hii ni ya maji haya. Hata hivyo si uongo kusema kuwa mvua inyeshayo Lushoto sehemu yake hufika Chake Chake kwa njia ya waya.

Basi na tuanze na kipimo. Mkulima wa karafuu hakubali kupimiwa gunia lake kwa mizani asiyoiona. Husogea, huinama, hutazama mshale, na akiona kilo imepungua husema papo hapo. Lakini mtu huyohuyo hununua umeme wa shilingi elfu kumi, akabonyeza tarakimu zake ishirini, akasikia mita ikilia, akaondoka zake. Na wiki ya pili taa zikizima husema ameibiwa. Ameibiwa na nani, na kiasi gani? Hajui, kwa sababu hakutazama mshale.

Uniti ya umeme ni kipimo kama kilo. Chombo cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja kimekula uniti moja. Taa ya zamani ya wati 60 huimaliza uniti hiyo kwa saa 16 na ushei; taa hizi mpya za wati 9 huimaliza kwa saa 111. Kwa hiyo wale wanaogombana na watoto kwa sababu ya taa ya ukumbini wanagombana na asiye mkosa. Mlaji mkubwa ni kila chombo kinachotia moto: pasi, birika, jiko, na hita ya kutumbukiza ndooni. Maandishi ya wati yameandikwa nyuma au chini ya kila chombo, na hayahitaji elimu kubwa kuyasoma.

Hapa ndipo Lushoto inapotofautiana na kwetu. Mji ule uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na baridi yake ya Juni na Julai sisi watu wa pwani hatuiwezi. (Tulifika Julai iliyopita, kanzu na koti havikutufaa kitu.) Huko maji ya moto ya kuogea si anasa, hasa kwa watoto waendao shule alfajiri na wazee wanaotia udhu. Ndoo ya lita 20, ukitaka maji yake yapande digrii 30 tu juu ya ubaridi wake, hula kiasi cha uniti 0.7. Nyumba ya watu watano, ndoo moja kwa kila mmoja, ni uniti tatu na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 105, na bado hawajawasha taa wala kupiga pasi.

Tuishike vizuri hesabu hiyo ya 105, maana katika bei za bara iko namba moja yenye nguvu kuliko zote, nayo ni 75. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, zilizoanza mwaka 2016, mwenye nyumba atumiaye uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti. Juu yake huongezwa kodi ya asilimia 18, na fungu la umeme wa vijijini asilimia 3, na la EWURA yenyewe asilimia 1, ikawa shilingi 122. Akipita 75 katika mwezi huo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na pamoja na makato hayo ni 427. Akizidi kuipita mara kwa mara huondolewa kabisa katika daraja hilo, akatiwa katika daraja la wote, ambapo kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292, yaani 356 pamoja na makato.

Sasa mtu wa shilingi elfu ishirini tumtazame katika madaraja yote mawili. Akiwa katika daraja la chini, shilingi 9,150 za kwanza zitampa uniti 75, na zilizobaki zitampa 25 nyingine: jumla 100. Akiwa katika daraja la juu, elfu ishirini ile ile itampa uniti 56. Fedha ni moja, duka ni moja, mita ni ya namna moja. Ndiyo maana majirani wawili wa Lushoto hulinganisha stakabadhi zao na kila mmoja akadhani mwenzake anafanya hila.

Hayo twaweza kuyakubali kama ni huruma kwa maskini, na kwa hakika ndivyo yalivyokusudiwa. Ila mita haijui maskini. Mita hujua mita. Katika nyumba moja tuliyokaribishwa kulikuwa na vyumba vinne vya kupangisha na mita moja ukutani, na mwenye nyumba, bibi wa makamo, alitueleza kwa upole mambo yake. "Baba, mimi siwadai faida," alisema, "nagawa tu kile kilichoandikwa." Tulikaa naye tukapiga hesabu. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 30, ambazo ni taa, redio, simu na pasi ya Jumapili. Kila chumba kingekuwa na mita yake, kingelipa shilingi 3,660 kwa mwezi. Kwa kuwa mita ni moja, nyumba imetumia 120, imekwisha tiwa daraja la juu, na ankara yake ni shilingi 42,749. Ukigawa kwa nne, kila chumba ni karibu shilingi 10,700. Na ng'ambo ya barabara yuko mtu mmoja mwenye nyumba yake, gari lake na mita yake, anatumia uniti 70 peke yake, naye analipa 8,540.

Twasema wazi kwamba hilo si haki. Mchuma chai na mama muuza mboga wa Lushoto wanaoishi chumba kimoja wanalipa karibu mara tatu ya ile bei iliyowekwa kwa ajili yao, kwa kosa la kuishi pamoja. Bibi yule hakuwa mwizi, na wapangaji hawakuwa wabadhirifu, lakini tulipofika walikuwa hawasemezani kwa sababu ya friji ya mmoja wao.

Watu watasema, si kila chumba kitiwe mita? Ni shauri jema, lakini lina bei yake. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2022 kuunganishiwa umeme wa njia moja kijijini ni shilingi 27,000, na mpangaji angerudisha fedha hizo kwa miezi minne. Mjini, pasipohitaji nguzo, ni shilingi 320,960, na fedha hizo zingehitaji karibu miaka minne kurudi, wala hatujahesabu fundi wa kutenga nyaya. Mpangaji gani atafanya hivyo katika nyumba isiyo yake?

Tena liko jambo la kodi ya majengo, ambalo kwa bara hukatwa katika umeme tangu mwaka 2021, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Ndiyo sababu manunuzi ya kwanza ya mwezi huleta uniti chache kuliko ya pili. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji, na mpangaji aliyekatwa ana haki ya kuipunguza katika kodi yake ya chumba. Ahifadhi stakabadhi, basi.

Tukirudi kwenye jambo lenyewe, twauliza: mtu akishaona namba 75 imekaa kama ukuta, atapikia nini? Jiko la umeme la wati 1,500 likiwaka saa mbili kwa siku hula uniti 90 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na sisi twauunga mkono kwa moyo wote. Lakini apikaye kwa jiko la namna hiyo hawezi kubaki chini ya 75. Mkono mmoja unamwita jikoni, na mkono wa pili unamtoza kwa kuingia. Basi mama wa Lushoto hufanya lile analolimudu, akatuma watoto kuni, na kuni hazitoki penginepo ila kwenye miteremko ile ile na pembezoni mwa misitu kama ya Magamba. Msitu ndio unaoyashika maji ya mvua yakashuka polepole kwenda Mkomazi na Lwengera. Ukikatwa, maji hushuka yote kwa siku moja pamoja na udongo, kisha mto hukauka. Ukame wa mwaka 2022 ulituonyesha mambo yanavyokuwa mabwawa na mito ya nchi ikipungukiwa: mgawo wa umeme huku na huko. Bei ya uniti ya chumba kile cha Lushoto kwa hivyo si shauri la Washambaa peke yao.

Rai yetu ni kwamba nyumba ikithibitishwa na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji kuwa ina familia tatu juu ya mita moja, ihesabiwe 75 mara tatu. Kazi hiyo si ngumu. Watu hao huhesabiwa kwa mambo mengi mengine. Na kiasi chenyewe cha 75 kitazamwe upya kwa nyumba inayopikia umeme.

Huku kwetu bei hupangwa mbali, na Shirika la Umeme Zanzibar hununua umeme wa bara kwa jumla na kutuuzia kwa mita zetu za tukuza. Basi tarakimu za hapo juu zisichukuliwe kuwa za Pemba. Lakini nyumba za vyumba vingi na mita moja tunazo, Wete, Chake na Mkoani, na twataka kujua zinalipa nini. Mwanachama anayeishi au anayepangisha katika nyumba ya namna hiyo tunamwomba alete ofisini stakabadhi zake za miezi mitatu mfululizo, pamoja na idadi ya watu wa kila chumba na orodha ya vyombo vyao. Majina hatutayaandika. Ofisi iko wazi kila siku ya kazi hata saa nane, na Ijumaa hufungwa mapema kwa ajili ya sala.