Dawa ya Magugu na Mvua

Mvua za kwanza zinaposhuka hapa Kalemie, yapata mwezi wa 10, magugu huchipua uani na shambani kwa nguvu. Hapo mwenye pampu ya dawa huingiwa na pupa. Afadhali kwanza ainue macho, atazame mawingu.

Dawa hizo ni za namna mbili. Namna ya kwanza, kama vile glifosati, hupenya katika majani mabichi, ikashuka hata mizizini. Hiyo yataka kukauka juu ya jani: muda wa saa 6 pasipo mvua ni kipimo chema. Mvua ikiiwahi, dawa huoshwa, na fedha yako imepotea. Wala usiipige wakati wa kiangazi kikali, magugu yakiwa yamenyauka na kujaa vumbi. Jani lililonyauka halinywi dawa vema.

Namna ya pili hunyunyizwa juu ya udongo kabla magugu hayajaota. Hiyo, kinyume cha ile, yahitaji mvua ndogo iishushe mahali penye mbegu. Basi, soma maandishi ya chupa kabla ya kuifungua.

Lakini mvua kubwa ni adui wa zote mbili. Mji wetu umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, na maji ya vilimani huteremkia humo, tunamovua ndagala. Dawa iliyooshwa kwako leo, kesho yaweza kuwa mtungini mwa jirani. Mawingu yakiwa mazito, weka pampu, ushike jembe. Jembe haliogopi mvua.