Udongo wa Nakivale sio mvivu, na sisi pia

Kuna maneno tumechoka kuyasikia: eti wakimbizi wamemaliza udongo wa Nakivale, eti hatujui kulima. Tunajibu tukiwa hapa soko la Kalerwe, ambapo wengi wetu tunabeba magunia.

Anayesema hivyo amezoea udongo wa Kampala. Huku mvua ni nyingi. Kwa miaka elfu na elfu imeosha rutuba ya mlimani ikabakiza wekundu wa chuma, na huku bondeni, kandokando ya mfereji wa Nsooba, maji yalituama, mafunjo yakaoza, matope yakawa meusi. Nakivale ni kitu kingine kabisa. Iko Isingiro, ndani ya ile kanda kavu ya wafugaji inayopanda mpaka Karamoja. Mvua ikichelewa kidogo, mahindi yanaungua. Pale fundi wa udongo ni nyasi. Kila mwaka sehemu ya mizizi yake inakufa ndani ya ardhi na kuoza, ndiyo ile rangi nyeusi ya juu. Iliyo hai inashika udongo ili upepo na mvua ya ghafla visiubebe. Ng'oa nyasi yote, umemfukuza fundi.

Sasa semina zinatufundisha nini? Safisha shamba mpaka ling'ae, takataka choma. Kisha tunapewa miche ya mikaratusi, tunapigwa picha, gari linaondoka. Mti unaokunywa maji hivyo, kwenye nchi kavu! Nyasi chini yake inaota kwa shida. Ndugu wa mashirika, mnahesabu miti kwenye ripoti, nyasi nani anaihesabu?

Mfugaji wa zamani alihama na ng'ombe wake, nyuma nyasi ikarudi. Sisi tuko na kipande kimoja kidogo, na tangu mgao wa chakula ulipokatwa kwa asilimia 30 Aprili 2020, halafu 40 Februari 2021, kipande hicho hakipumziki hata msimu mmoja. Tuhamie wapi?

Na mkitaka kujua udongo umeenda wapi, njooni Kalerwe asubuhi. Matoke, maharage, mahindi, makaa: kila gunia limebeba kitu kilichotoka ardhini kwenye tambarare zile. Wamama wa soko wanamenya, wanauza, maganda yanaishia mferejini. Mvua ikinyesha Nsooba inafurika, tunakanyaga rutuba hiyo ikinuka mpaka magotini, inaenda zake Lubigi. Lori lililoleta matoke linarudi magharibi tupu. Hapo hakuna anayesema watu wa Kampala wamemaliza udongo.

Kwa hiyo msituletee miche tena kabla hamjatuuliza. Mabua yabaki shambani, yasichomwe. Mipaka ya mashamba ipandwe nyasi, hata mbuzi watapata. Na pesa ya semina moja tu ilipie lori moja lirudi na maganda yaliyooza ya Kalerwe. Kupakia tutapakia wenyewe, mgongo tuko nao.