Ziwa Edward: mitumbwi inahesabiwa, nguvu ya uvuvi nani anaipima?

Wandugu vijana wa Butembo na Beni, tuanzie sokoni. Pita kwa wamama wanaouza samaki ya Kyavinyonge, uangalie tilapia iko ukubwa gani. Mara nyingi inalala yote ndani ya kiganja. Walinzi wa parki wanalaumu mitumbwi isiyo na namba, wavuvi wanalaumu walinzi, Uganda inalaumu Wakongomani wanaovuka mpaka. Sisi tunauliza: nani ana hesabu?

Ziwa hili lina karibu kilomita za mraba 2,300, na karibu asilimia 70 iko kwetu. Ndani ya parki ya Virunga sheria inaruhusu kambi tatu tu za uvuvi: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Mtumbwi wa halali una namba yake. Wakubwa wakihesabu namba, wanasema wamepima uvuvi. Hapo tunakataa.

Tuseme mitumbwi iko miwili. Mmoja ni wa kasia, una nyavu kumi, hauendi mbali na ufuko. Wa pili una injini, nyavu hamsini za tundu ndogo, na unatega usiku kucha katikati ya ziwa. Kwenye daftari, kila mmoja ni "moja". Leta ikisema ipunguze mitumbwi, mwenye pesa ataongeza nyavu juu ya ule unaobaki, na atakayefukuzwa ni mzee wa kasia. Hiyo si kulinda ziwa, ni kuligawa upya kwa matajiri.

Ziwa Viktoria wanahesabu tangu mwaka 2000, Kenya, Uganda na Tanzania pamoja: mitumbwi, wavuvi, injini, aina ya nyavu. Kati ya 2000 na 2010 mitumbwi ilipanda kutoka kama 42,000 hadi kama 64,000. Injini zilitoka kama 4,000 zikafika kama 16,000. Aliyehesabu mitumbwi peke yake aliona ongezeko la nusu. Injini ziliongezeka mara nne!

Halafu kuna kilo. Mvuvi akileta kilo zilezile za mwaka jana, tunafurahi. Lakini kama mwaka jana alitega nyavu ishirini na leo anatega arobaini, basi kila wavu unaleta nusu. Ziwa linapungua na soko halijajua bado. Ndiyo maana lazima kupima kilo kwa kila wavu kwa kila usiku.

Hatusemi wavuvi ndio wenye makosa yote. Miaka ya 1970 kulikuwa na viboko zaidi ya 25,000, na mavi yao yalilisha maji. Bunduki ziliwamaliza, wakabaki chini ya 1,000. Hilo pia halikufanywa na mzee wa kasia.

Mtatuambia: vita kwanza. Tunajua. M23 waliingia Vitshumbi mwezi wa 3, 2024. Wenye silaha wanatoza wavuvi juu ya maji. Mwezi wa 7, 2018 askari wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi ziwani, watu wakakufa. Mwaka huohuo nchi hizi mbili zilitia saini mapatano ya uvuvi wa Ziwa Edward na Ziwa Albert. Sasa siku ya kukaa mezani, Uganda iko na mazoea ya kuhesabu. Sisi tutaweka nini mezani, kelele?

Basi tuanze Kyavinyonge. Kila mwezi, siku chache: mizani, rula ya kupima tundu, daftari. Watu wako: tumejaa nyumbani na diplome zetu, kazi hakuna, na kuhesabu tulifundishwa. Wavuvi wachague wao wenyewe nani asimame pembeni ya mizani. Na hesabu ibandikwe palepale ufukoni, isomwe kwa sauti, mbele ya wamama wa soko, kabla ya mkubwa yeyote kufuta namba ya mtumbwi hata mmoja.