Cheo ni Amana: Mafunzo kutoka Chicago

Katika nyumba nyingi za Waislamu, siku za uchaguzi zikaribiapo, husikika mzee akisema: kura yangu ni ya yule aliyemtafutia mwanangu kazi. Maneno haya hayamstaajabishi mtu, nasi twaona yafaa kuyapima kabla hatujayazoea. Mizani tutaitwaa mbali, katika mji wa Chicago, Marekani, ambako mambo haya yalitendeka peupe na mwisho wake ukaonekana.

Richard J. Daley alishika umeya wa mji huo tangu mwaka 1955 hata alipofariki Desemba 1976. Pamoja na umeya alikuwa mwenyekiti wa chama cha Demokrati mahali hapo. Basi funguo za serikali na funguo za chama zilikuwa katika mkono mmoja. Maelfu ya kazi za mji walipewa watu wa chama, na kila aliyepewa alijua kwamba siku ya uchaguzi atatakiwa alete kura za mtaa wake. Tuseme haki: barabara zilijengwa na taka zilizolewa. Lakini aliyepata riziki kwa njia hiyo hakuweza tena kumkosoa aliyempa. Aliuza kura, na ulimi ukaenda pamoja nayo.

Baada yake alikuja Michael Bilandic. Januari 1979 ilianguka theluji nyingi mno, njia zikazibika. Watu waliambiwa kuna viwanja vilivyosafishwa wapate kuweka magari yao. Walipokwenda waliikuta theluji ingali palepale. Treni nazo, ili ziende upesi, zilipita bila kusimama katika vituo kadhaa vya mitaa ya watu Weusi, na wenyewe wamesimama katika baridi wakizitazama. Mwezi uliofuata, katika uchaguzi wa ndani wa chama, Jane Byrne alimshinda Bilandic, na mwaka ule ule akawa meya wa kwanza mwanamke mjini humo. Theluji iliwaonyesha wanyonge namna walivyohesabiwa, nao wakajibu kwa kura.

Mwaka 1983 alichaguliwa Harold Washington, meya Mweusi wa kwanza wa Chicago. Hakuwa mtu asiye na kosa: mwaka 1972 aliwahi kufungwa kwa kutopeleka taarifa za kodi yake. Lakini alipokuwa meya alikubali mbele ya mahakama kwamba kazi nyingi za mji zisitolewe tena kwa kutazama chama, ijapokuwa silaha hiyo sasa ilikuwa mkononi mwake. Madiwani 29 kati ya 50, karibu wote Weupe, waliungana kumpinga, na kwa muda wa miaka mitatu wakawazuia wengi aliowateua. Mwaka 1986, baada ya mahakama kuamuru mipaka ya kata ichorwe upya na uchaguzi urudiwe huko, baraza likagawanyika 25 kwa 25, na kura ya kuamua ikawa yake. Alichaguliwa tena mwaka 1987, na tarehe 25 Novemba mwaka huo mauti yakamkuta ofisini mwake.

Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa aya ya 58, ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu. Cheo ni amana, na kura ni amana vile vile. Kazi ya umma ni haki ya anayeiweza. Kiongozi akimpa asiyestahili kwa ajili ya kura, amemdhulumu anayestahili, na mzazi aliyeishangilia ameshiriki.

Basi enyi vijana, mtu akija mlangoni na zawadi, muulizeni atawatendea nini wale wasio na cha kumpa. Nanyi wazazi, msiwafundishe watoto wenu kwamba haki ni ile inayoingia nyumbani kwetu tu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao amana. Amin.