Bakora za Koitalel

Aingiaye kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, kwa mlango wa kaskazini, huwakuta manabii waliochongwa katika jiwe karne ya 13, kila mmoja na alama yake: Musa ameshika mbao za sheria na nguzo yenye nyoka wa shaba, Melkizedeki kikombe, na mbele ya Ibrahimu mwenye kisu amesimama Isaka aliyefungwa miguu, na raia wa zama zile, asiyejua hata herufi moja, aliwatambua kwa vitu hivyo kama tumtambuavyo jirani kwa mwendo wake.

Elimu hiyo ya kusoma alama hata Bonde la Ufa ipo, ila twaidharau. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, ambaye baba yake Kimnyole yasimuliwa kuwa alitabiri ujio wa nyoka atemaye moshi (ndiyo reli, iliyofika Nakuru mwaka 1900), aliuawa na afisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, tarehe 19 Oktoba 1905, na bakora zake zikachukuliwa Uingereza, zisirejee hadi 2006. Kwa muuaji zilikuwa nyara. Kwa Wanandi zilikuwa dhihirisho la mamlaka na baraka.

Sisi wa Nakuru twalikumbuka zaidi rungu la Rais Moi, ambalo mwanawe Gideon alikabidhiwa Kabarak, Februari 2020, nalo twalifasiri kwa siasa tu. Kuelewa vitu kama hivi, kibandiko cha makumbusho chenye jina na tarehe hakitoshi. Walimu, wapelekeni wanafunzi Nandi Hills, na wazee wa Kinandi waulizwe wangali hai.