KURASA ZILIZOFUNGULIWA SI WATU WALIOHUDUMIWA

Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, karani aliyebisha hodi katika kaya za kata ya Ring'wani, wilayani Serengeti, alikuwa na swali moja la msingi: ni nani waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Mkulima wa Ring'wani aliyelala Mugumu usiku ule alihesabiwa Mugumu, wala hakuhesabiwa tena nyumbani kwake. Kwa kanuni hiyo ya mtu mmoja, mahali pamoja, mara moja, Taifa liliweza kutamka kwamba lina watu 61,741,120, na mipango ya shule, zahanati na visima ikapata msingi wa kusimamia.

Ipo hesabu nyingine ambayo siku hizi huingia katika taarifa za ofisi zetu bila ya kupitishwa katika kanuni ya namna hiyo. Nayo ni hesabu ya watu wanaosemekana kuzitembelea tovuti za umma. Tovuti nyingi zina chombo cha kuhesabia wageni, na tarakimu zake hupanda kila siku. Ni rahisi mno kwa afisa anayeulizwa kama tangazo la ajira au la zabuni limewafikia wananchi kujibu kwa kuionyesha tarakimu ile. Hatuna budi kujiuliza: tarakimu ile inahesabu kitu gani?

Mtu anapofungua ukurasa, simu yake hupeleka ombi kwa seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti. Seva hulijibu ombi hilo na kuliandika katika daftari lake: saa, anwani ya mtandao iliyotumika, na jina la faili lililoombwa. Daftari hilo halimjui mwalimu wala mkulima. Linayajua maombi tu. Basi anayehesabu mistari ya daftari hilo na kuiita watu, amekwisha kupotoka kabla hajaanza kujumlisha.

Upotofu huo hudhihirika zaidi katika kurasa zilizojengwa kwa fremu. Fremu zilienea kuanzia mwaka 1996, baada ya kampuni ya Netscape kuzitia katika kivinjari chake, na mwaka 1997 zikaingizwa katika kanuni rasmi za lugha ya HTML ambayo kurasa za mtandao huandikwa kwayo. Kwa ufundi huo, kioo kimoja cha kompyuta hugawanywa vipande: juu kichwa cha ofisi, kando orodha ya mambo, na katikati habari yenyewe. Msomaji huona ukurasa mmoja. Seva, kwa upande wake, hutoa faili nne: moja ya kushikilia fremu zote, na tatu za vipande vyake. Mtu mmoja amefungua mara moja, na daftari limeandika kurasa nne.

Huenda msomaji akasema kwamba dawa ni nyepesi, tugawanye kwa nne. Sivyo. Msomaji yule akibonyeza jambo jingine katika orodha, hubadilika kipande cha katikati peke yake, na seva huandika ukurasa mmoja tu. Tuchukue mfano wa watu 100 waliosoma habari moja kila mmoja: daftari litaonyesha kurasa 400, ilhali habari zilizosomwa ni 100. Watu hao hao wakisoma habari tano kila mmoja, daftari litaonyesha kurasa 800, ilhali habari zilizosomwa ni 500. Mara ya kwanza hesabu imekuzwa mara nne. Mara ya pili haikukuzwa hata mara mbili. Kosa lenyewe hubadilika kwa kadiri ya tabia ya wasomaji, na kosa la namna hiyo halina kigawanyo.

Zaidi ya hayo, fremu huweza pia kupunguza hesabu. Mitambo ya kutafuta habari mtandaoni huweza kumpeleka mtu moja kwa moja katika kipande cha katikati, bila ya kichwa wala orodha. Ikiwa chombo cha kuhesabia kimewekwa katika faili la kushikilia fremu, mtu huyo husoma habari yote asihesabiwe hata kidogo. Kwa hiyo tovuti ile ile moja humzidisha huyu na kumsahau yule, kisha hutoa jumla moja inayoonekana timamu.

Liko pia suala la mgeni kuwa wa nani. Mwaka 1997 magazeti na vyombo vya habari vya Marekani, likiwamo Washington Post, vilishtaki tovuti ya TotalNews kwa kuzionyesha habari zao ndani ya fremu yake iliyozungukwa na matangazo yake. Shauri lilimalizika mwaka ule ule kwa makubaliano, na TotalNews ikakubali kuacha mtindo huo. Habari ilikuwa ya mmoja, na faida ya kutazamwa akaitafuta mwingine.

Ni kweli kwamba fremu za kale zimekwisha pitwa na wakati. Kanuni za HTML5 za mwaka 2014 ziliziondoa. Lakini fremu ya ndani, ile inayopachika ukurasa mmoja katikati ya mwingine, imebakia na inatumika kila mahali kwa ramani, video na fomu. Chombo cha kuhesabia kikiwekwa katika ukurasa wa nje na pia katika ule wa ndani, ufunguzi mmoja huwa mara mbili. Tena, baadhi ya vivinjari, kama Safari tangu mwaka 2020, huvizuia vidakuzi vya tovuti iliyopachikwa ndani ya nyingine. Matokeo yake ni kwamba mtu anayerudi kila siku huweza kuonekana mgeni mpya kila siku.

Turudi Ring'wani, na tuchukue siku ya kutangazwa matokeo ya darasa la saba. Mwalimu anayetafuta matokeo ya shule yake huanza na orodha ya mikoa, akachagua Mara, akaja kwenye halmashauri, ndipo akafika kwenye shule. Hizo ni kurasa nne kwa haja moja, hata pasipo fremu. Mtandao ukikatika njiani, ataanza upya, na hesabu itapanda. Kumbe tabu yake imeandikwa kuwa mafanikio! Na ikiwa walimu wenzake watano wamekizunguka kioo cha simu ile ile moja, wao hawamo katika daftari lolote.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Ofisi ikiamini kwamba maelfu wamesoma, itaona hakuna haja ya kubandika tangazo katika ubao wa ofisi ya kata, wala ya kumpa mtendaji wa kijiji nakala ya kusoma mkutanoni. Kijana asiye na simu ataikosa nafasi ya kazi, na taarifa ya mwaka itasema kwamba alihabarishwa.

Yapo mambo manne ambayo watumishi wa umma wanaweza kuyatenda bila ya kungoja fedha mpya. Kwanza, kila taarifa itaje inachohesabu: maombi, kurasa, ziara au watu; maneno hayo manne hayana maana moja. Pili, fundi wa tovuti aulizwe chombo cha kuhesabia kimewekwa wapi, na kama vipande vya fremu vimetolewa katika jumla. Tatu, hesabu ya tovuti ilinganishwe na kazi iliyofanyika: barua za maombi zilizopokelewa, fomu zilizokamilika, maswali yaliyojibiwa. Nne, mbao za matangazo zisiondolewe kwa ushahidi wa tarakimu ambayo hakuna aliyeichunguza.

Nanyi walimu mnao wajibu wa pekee. Mwanafunzi anayefundishwa kujumlisha afundishwe pia kuuliza kinachojumlishwa. Tukiwalea vijana wenye desturi hiyo, hapatakuwa na ofisi itakayoweza kuwaambia wananchi wa Ring'wani kwamba walihudumiwa, ilhali wenyewe wanajua kwamba hawakuhudumiwa.