Kabla ya kumlipia mtoto farasi, angalia mguu wake

Wiki tatu zilizopita mama mmoja aliingia kliniki akiwa amembeba mgongoni binti yake wa miaka 8. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba kama embe. Walikuwa wametoka kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani, hapa hapa Nairobi, ambako farasi alikuwa amekodiwa ili watoto wazungushwe uani. Puto likapasuka, farasi akashtuka na kuruka kando, mtoto akaanguka.

Kuanguka kwenyewe hakukumuumiza sana, kwani palikuwa na nyasi. Kilichomuumiza ni kwamba mguu haukuanguka pamoja naye. Kiatu kilibaki kimenasa kwenye kikuku, ile pete ya chuma inayoning'inia kwenye tandiko ambayo mpandaji huikanyaga. Farasi alipiga hatua sita au saba kabla saisi hajamzuia.

“Daktari, kofia niliikagua,” mama aliniambia. “Nikauliza kama farasi ni mpole. Hilo la mguu hata halikunijia.”

Simlaumu. Sijakutana na wazazi wengi wanaouliza swali hilo, ilhali kwa maoni yangu ndilo la kwanza baada ya kofia ngumu. Mtoto aliyeanguka ameachana na farasi. Aliyenaswa anaburutwa kichwa kikiwa chini, karibu na kwato za mnyama anayeweza kuwa na kilo 400 au zaidi. Na farasi ni mwoga: akihisi kitu kinaning'inia ubavuni, hukimbia zaidi.

Tuanze na ukubwa. Kikuku kinatakiwa kuzidi upana wa kiatu kwa takriban sentimita 2.5, yaani nafasi ya kidole chembamba kila upande. Kikibana, kiatu hukwama kama pete kwenye kidole kilichovimba. Kikiwa kipana mno, jambo ambalo ndilo la kawaida kwenye farasi wa kukodi kwa sababu vikuku ni vya watu wazima, mguu mdogo hupenya wote hadi kwenye kifundo. Mzazi akiona nafasi kubwa hudhani mtoto yuko huru. Sivyo.

Kuna kosa jingine baya kuliko hayo, na nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Miguu ya mtoto haifiki kwenye kikuku, basi mwenye farasi anaipenyeza kwenye ule ukanda wa ngozi unaoshikilia kikuku, ukutane na paja. Mtoto anajihisi imara na picha inatoka nzuri. Lakini ukanda ule ukijisokota mtoto anapoanguka, unashika mguu kama kitanzi. Ukiona hivyo, mshushe mtoto hapo hapo, hata kama umeshalipa. Vilevile, usikubali mtoto afungwe kwenye tandiko kwa leso au kamba eti asianguke.

Vipo vikuku vilivyotengenezwa kuachia mguu. Vinavyotumika sana kwa watoto vina mpira mnene upande mmoja badala ya chuma. Mguu ukivutwa kwa nguvu, mpira unachomoka na mguu unatoka. Mpira huo lazima uwe upande wa nje, mbali na mwili wa farasi. Ukiwekwa ndani, hauna kazi. Ukaguse pia: mpira uliopasukapasuka kwa jua ubadilishwe. Vikuku hivyo havifai sana watu wazima wazito, kwa kuwa chuma chake kinaweza kupinda. Kuna vingine vyenye mkono wa nje uliopinda ili mguu utoke kwa urahisi, na vingine vina kizuizi mbele, kama kikapu, ili kiatu kisipenye. Vile vyenye bawaba, vinavyochezacheza chini ya mguu, vimekusudiwa kupunguza maumivu ya kifundo na goti. Usiuziwe kama ndivyo vya usalama.

Wenye biashara hii hunijibu kwamba vikuku vya watoto ni gharama. Mtu aliyemudu kununua farasi na kumlisha mwaka mzima atamudu pia jozi moja ya vikuku vidogo. Kama hana, basi avitoe kabisa, mtoto apande bila vikuku, farasi aende mwendo wa kutembea tu, mtu mmoja akiwa ameshika hatamu na mwingine akitembea kando ameshika mguu wa mtoto.

Kiatu nacho. Raba hazina kisigino cha kuzuia mguu usiteleze mbele, na soli zake zenye meno hung'ang'ania chuma. Sandali ndiyo usiseme. Kiatu cha shule cha ngozi, chenye kisigino kifupi na soli isiyo na meno makubwa, ni bora kuliko raba ya bei ghali. Mtoto akanyage kwa sehemu pana ya wayo, nyuma kidogo ya vidole, kisigino kikiwa chini.

Wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao baadhi yenu mmeshauriwa kupanda farasi kama sehemu ya mazoezi ya viungo, muwe makini zaidi. Mguu ambao vidole vyake huelekea chini kwa kukaza kwa misuli hupenya kikuku kwa urahisi. Ombeni vikuku vilivyofungwa kwa mbele.

Mtoto akianguka baada ya kunaswa, usimwinue kwa haraka, hasa akilalamikia shingo au ganzi. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au akiumwa tumbo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona ataamkaje. Asipoweza kupiga hatua nne, mguu upigwe eksirei hata kama hakuna jeraha. Mifupa ya watoto ina sehemu laini inayokua karibu na viungo, na kinachoonekana kuwa mteguko tu huweza kuwa ufa pale.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yule. Wiki ijayo tunamtoa plasta. Juzi alipokuja kukaguliwa, swali lake la kwanza lilikuwa ni lini atapanda tena. Mama yake alinitazama kana kwamba angependa niseme kamwe. Nilimwambia tusubiri mguu upate nguvu, halafu siku hiyo amvalishe viatu vya shule, na aende na rula.